Kabla ya kumlaumu yaya kwa harufu, tazama juu ya paa

MAMA yangu mzazi si mtu wa kusema ovyo. Alipotutembelea mwezi wa Mei mwaka wa 2019, katika nyumba tuliyokuwa tumepanga upande wa Rongai, nje kidogo ya jiji la Nairobi, alikuwa ameazimia kukaa nasi juma zima. Usiku wa kwanza alilala vyema. Asubuhi ya pili aliingia bafuni, akatoka upesi, akaketi sebuleni huku ameshikilia leso puani kana kwamba ana mafua. Siku ya tatu alikumbuka kwamba ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa, akaomba asindikizwe hadi kituo cha magari.

Mke wangu alielewa mara moja. Mwanamke akiona mama ya mumewe amekatiza ziara kwa sababu ya ng'ombe ambaye jana yake hakutajwa kabisa, hahitaji kuelezwa zaidi. Nyumba yetu ilikuwa ikinuka, na sisi tulikuwa tumeizoea harufu hiyo kiasi cha kudhani kwamba mgeni hataisikia.

Jioni hiyo lawama zote zilimwangukia yaya. Alikuwa msichana wa miaka 20 hivi, mpole, ambaye watoto walimwita Anti. Aliulizwa mbona choo hakisuguliwi. Akajibu kwamba husuguliwa mara tatu kwa siku. Aliulizwa mbona basi kinanuka kama mayai viza. Hakuwa na jibu, nasi tukaona ukimya huo kuwa ni kukiri kosa. Ninaposimulia haya leo naona haya, kwani mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi pale nikisoma gazeti na sikusema neno la kumtetea.

Siku mbili baadaye, ikiwa Jumamosi, msichana huyo aliamua kuimaliza harufu hiyo kabisa. Alichukua dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, akaichanganya na asidi ya kusafishia choo katika ndoo moja, akajifungia bafuni na kuanza kusugua. Tulisikia kikohozi, kisha kishindo cha ndoo ikianguka. Tulipofungua mlango tulimkuta amepiga magoti, macho yanachuruzika machozi na pumzi inamkatika. Tulimtoa nje uani, tukafungua madirisha yote, kisha tukamkimbiza katika zahanati ya karibu.

Alipona, ingawa kifua kilimuuma kwa siku kadhaa. Muuguzi aliyemhudumia alitueleza jambo ambalo kila nyumba yapasa kulijua. Dawa ya kung'arishia nguo ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo Wajerumani waliyoitumia kama silaha huko Ypres, nchini Ubelgiji, mwezi wa Aprili mwaka wa 1915 wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Sisi tulikuwa tumeitengeneza ndani ya bafu lenye upana usiozidi hatua mbili, na yote hayo ni kwa sababu ya harufu ambayo, kama nitakavyoeleza, haikuwa na uhusiano wowote na usafi.

Jumatatu iliyofuata nilimwomba mzee mmoja, fundi wa mabomba aliyekuwa akifanya kazi katika ploti ya jirani, aje atazame. Nilitarajia aingie moja kwa moja bafuni na vifaa vyake. Badala yake alisimama uani, akashika kiuno, akaangalia paa kwa muda mrefu.

"Kijana wangu," akasema, "nyumba hii inapumulia wapi?"

Sikuelewa. Alinionyesha nyumba ya pili kutoka yetu. Juu ya mabati yake palikuwa na bomba la plastiki la rangi ya kijivu, unene wake kiasi cha inchi nne, limesimama wima kama bomba la moshi. Nyumba ya tatu nayo ilikuwa na lake. Yetu haikuwa na kitu.

Aliingia ndani sasa. Akamwambia mke wangu, "Mama, vuta choo." Kisha akaenda jikoni akainamisha kichwa juu ya sinki. Mara tu choo kilipovutwa, sinki liligugumia kama mtu anayesukutua koo. Mzee alitikisa kichwa. Aliuliza kama kitundu cha sakafuni bafuni huwa kinatoa mapovu tunapomwaga maji ya kufulia. Naam, kilikuwa kikitoa, na watoto walipenda sana kuyatazama.

Alipanda ngazi na kupenya darini akiwa na tochi ya betri. Alishuka dakika kumi baadaye akiwa amejaa vumbi, mkononi ana kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji. Bomba la kupumulia lilikuwepo, alisema, lakini lilikatwa kiasi cha shubiri moja chini ya mabati, likazibwa kwa karatasi hiyo na kipande cha ubao.

Hapo ndipo mambo yote yalipoanza kueleweka. Mwezi wa Machi, kabla ya mvua ya masika, tulikuwa tumemlalamikia mwenye nyumba kwamba paa linavuja juu ya bafu. Alileta fundi wa mabati, naye akagundua kwamba maji yalikuwa yakipita kando ya bomba lile pale lilipotokezea juu. Njia aliyoiona kuwa rahisi ni kulikata bomba, kuliziba na kutandika bati jipya lisilo na tundu. Alifanya kazi nzuri mno, kwani paa halikuvuja tena. Sisi wenyewe tulimpa chai na mkate.

Wengi wetu, hata wenye kumiliki nyumba, hudhani kwamba bomba lile la juu ya paa ni pambo au ni mabaki ya ujenzi. Ukitaka kujua kazi yake, mkumbuke mwenye duka akiufungua mkebe wa mafuta ya kupikia. Akitoboa tundu moja tu, mafuta hutoka kwa kusitasita, gluku gluku, huku mkebe ukivuta pumzi kwa tundu lilo hilo. Akitoboa la pili upande wa pili, mafuta humiminika kimya kimya. Bomba la paani ni lile tundu la pili.

Chini ya kila sinki, chini ya kila beseni la kunawia na ndani ya choo chenyewe kuna kona iliyopinda ambayo mafundi huiita trapu. Kona hiyo hubakiza maji kidogo kila mara. Katika choo kina cha maji yanayoziba njia ni kama sentimita tano, yaani vidole vitatu vilivyolazwa pamoja. Maji hayo machache ndiyo mlango wa pekee uliopo baina ya pua yako na tangi la maji taka. Aliyevumbua kona hiyo kwa ajili ya choo ni Mskoti mmoja, mtengenezaji wa saa, Alexander Cumming, aliyepata hataza yake mwaka wa 1775. Kila choo cha kuvuta maji kilichopo duniani leo kinamtegemea.

Basi, choo kinapovutwa, maji mengi huteremka kwa kasi ndani ya bomba na kuacha ombwe nyuma yake. Ombwe hilo lazima lijazwe na hewa. Ikiwa bomba la paani li wazi, hewa huingia kutoka juu na kila kitu hutulia. Likiwa limezibwa, hewa hutafutwa kwingine, nayo hupatikana kwa kuyavuta maji ya trapu za sinki na bafu, vile vile mtu anavyonyonya maji kwa mpira kutoka kwenye pipa. Ile sauti ya kugugumia ndiyo hiyo. Trapu zikibaki tupu, mlango umefunguka.

Upande wa pili ni wa gesi yenyewe. Katika tangi la maji taka uchafu huoza bila hewa, na kuoza huko hutoa gesi usiku na mchana. Iliyo nyingi ni methani, ambayo haina harufu lakini hushika moto. Iliyo kidogo lakini yenye makelele ni salfidi ya haidrojeni, ndiyo hii inayonuka kama mayai yaliyooza. Gesi hizi zisipopata njia ya kwenda juu ya paa, husukuma maji ya trapu na kutokeza ndani ya nyumba. Yale mapovu waliyoyapenda watoto wetu yalikuwa hayo.

Je, harufu hiyo huleta ugonjwa? Jirani zetu kadhaa walisema ndiyo inayoleta homa ya matumbo. Hayo ni mawazo ya zamani sana. Mwaka wa 1858, mto Thames jijini London ulinuka vibaya mno wakati wa joto hata mapazia ya bunge la Uingereza yakalowekwa dawa ili wabunge waweze kuketi. Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa chafu, ingawa Dkt John Snow alikuwa amekwisha kuonyesha, mwaka wa 1854, kwamba kilipitia katika maji ya kunywa. Leo twajua kwamba homa ya matumbo na kipindupindu hupitia kwa maji na vyakula vilivyoingiwa na kinyesi. Harufu peke yake haikupi homa ya matumbo.

Lakini asije mtu akafurahi. Salfidi ya haidrojeni, hata ikiwa kidogo, huweza kuumiza kichwa, kuwasha macho na kuleta kichefuchefu. Kitinda mimba wetu alikuwa akilalamika kichwa kila asubuhi, nasi tukamnunulia miwani! Na ikizidi, gesi hiyo ina hila moja mbaya kuliko zote: huua uwezo wa pua kunusa. Mtu husikia harufu kali, kisha haisikii tena, akadhani imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imezidi. Hii ndiyo sababu vijana wanaoteremka katika mashimo ya maji taka kuyazibua huanguka, na anayeteremka kumwokoa mwenzake naye huanguka juu yake. Asiingie mtu yeyote katika tangi hilo, awe fundi au mwenye nyumba. Wala asiwashe kiberiti kuchungulia ndani, maana methani haisameheki.

Wenye kutoka mashambani wanalijua bomba la namna hii kwa jina lingine. Ni lile linalosimama nyuma ya choo cha shimo kinachoitwa VIP. Choo hicho kilibuniwa miaka ya 1970 katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe na Peter Morgan, mtafiti wa Maabara ya Blair, ambaye alitunukiwa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka wa 2013. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta hewa ya shimoni kwenda juu, na nzi wanaofuata mwanga hukwama kwenye wavu uliofungwa mdomoni mwa bomba. Nilimsimulia mama yangu jambo hilo kwa simu. Akacheka, akasema kwamba choo chake cha nyumbani kina bomba, basi inakuwaje cha Nairobi kikose?

Kulirudisha bomba letu si kazi iliyomtoa mzee jasho jingi. Alilisafisha lile lililokatwa, akaunganisha kipande kipya cha inchi nne kwa kiungo na gundi ya plastiki, akalipenyeza tena kwenye bati. Pale ambapo mwenzake alishindwa, yeye aliweka kipande cha bati kilichokunjwa kama kola shingoni mwa bomba, upande wa juu akakiingiza chini ya bati la juu yake ili maji ya mvua yateleze bila kupata upenyo. Kisha akapaka lami. Kola ile tu ndiyo iliyokosekana tangu mwanzo.

Mdomo wa bomba aliufunika kwa wavu wa waya ili ndege wasijenge humo, lakini hakuuziba. Alikuwa mkali pia kuhusu kimo. Kanuni za ujenzi za Uingereza husema kwamba iwapo kuna dirisha karibu na bomba, chini ya mita tatu, basi mdomo wa bomba uwe juu ya dirisha hilo kwa sentimita 90 au zaidi. Mzee hakuwa na kitabu cha kanuni, ila aliniambia vivyo hivyo kwa maneno yake: "Usimpumulie jirani usoni." Nimeona nyumba za ghorofa ambamo bomba la mpangaji wa chini limeishia sawasawa na dirisha la chumba cha kulala cha mpangaji wa juu, na watu hao wawili hawasalimiani hadi leo.

Pale ambapo paa haliwezi kutobolewa, kwa mfano mwenye nyumba ameongeza orofa ya zege, bomba laweza kutolewa nje ukutani na kupandishwa kwa vibanio mpaka lipite ukingo wa paa. Pia kuna vali ndogo zinazouzwa madukani ambazo huruhusu hewa kuingia katika bomba bila kutoka. Zinafaa kwa sinki lililo mbali na bomba kuu. Lakini muuzaji akikuambia kwamba vali hiyo inatosha badala ya bomba la paani, usikubali. Gesi ya tangi bado inataka mahali pa kutokea, na vali hiyo haiitoi.

Nani alilipa? Hilo lilikuwa na vuta nikuvute. Mwenye nyumba alipokuja alisema kwamba wapangaji wengine hawakulalamika, na kwamba tulikuwa tumeomba wenyewe paa litengenezwe. Si mtu mbaya, na kusema kweli alikuwa ameuliza kwa fundi wake kama bomba lina kazi, akaambiwa halina. Nilimwonyesha ile karatasi ya saruji. Nilimkumbusha pia, kwa upole, kwamba Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inauhesabu mfereji wa maji taka unaonuka au kuhatarisha afya kuwa ni kero, na kwamba afisa wa afya ya umma anaweza kumwandikia mwenyewe ilani ya kuiondoa. Hatukufika huko. Tulikubaliana gharama ikatwe kwenye kodi ya mwezi wa Juni, tukaandika kwenye karatasi na kutia sahihi sote wawili. Mpangaji aliye katika hali kama hiyo asikatae kodi kwa hasira wala asikate pesa bila maandishi. Aandike barua, abaki na nakala, na akipuuzwa aende katika ofisi ya afya ya umma ya kaunti yake.

Si kila harufu inatokana na bomba, nami nisije nikawafanya wasomaji kupanda mabati bure. Trapu isiyotumika hukauka yenyewe. Mwanafunzi anayefunga chumba chake wakati wa likizo ndefu, akarudi na kukuta kinanuka kama jaa, huenda anahitaji jagi moja la maji tu katika kitundu cha sakafuni. Hali ni hiyo hiyo mitaani ambako maji huja kwa zamu: familia huoga kwa karai na kumwaga maji chooni pekee, huku kitundu cha bafu kikikauka wiki baada ya wiki. Lakini jagi la maji likituliza harufu kwa siku moja tu kisha ikarudi, na sinki likawa linagugumia choo kinapovutwa, mwite fundi na umwambie aanzie juu.

Nasi siku hizi tukienda kutazama nyumba ya kupanga, mke wangu huangalia mfereji na soketi za umeme, mimi hubaki uani nimeinua kichwa kama mtu anayetafuta ndege. Mawakala hunishangaa. Nikiona bomba, huingia ndani, nikavuta choo, nikasikiliza sinki kabla ya kuzungumzia kodi.

Siku ile mzee alipomaliza kazi, hakuniita mimi wala mke wangu tufanye majaribio. Alimwita yaya, akampa ndoo ya maji, akamwambia aimwage chooni yote kwa mara moja. Sote tulisimama jikoni tumetega masikio. Sinki halikutoa sauti. Mke wangu alimshika msichana yule mkono akamwomba msamaha mbele ya fundi na watoto, nami nikafanya hivyo baada yake, nikiwa nimechelewa kama kawaida yangu.

Mama alirudi mwezi wa Desemba. Alikagua bafu, akatoka nje kutazama paa, kisha akaniambia nimpelekee sanduku lake chumbani. Alikaa siku kumi na nne.